Mpiga eksirei za meno naye alindwe
Daktari C. Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kupiga eksirei za meno mwaka wa 1896. Alizoea kuujaribu mtambo kwa mkono wake mwenyewe. Saratani ikamnyang'anya vidole, kisha mkono. Akafariki mwaka wa 1928.

Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019. Hata hivyo, sheria haiingii chumbani na mfanyakazi. Naonelea kwamba mwajiri anayemwamuru ashikilie filamu kinywani mwa mgonjwa anamkosea. Umbali ukiongezwa maradufu, nguvu ya miale hubaki robo. Basi asimame mita mbili kando, avae kipimo cha miale, na wanafunzi wafundishwe kukataa amri ya hatari. Tahadhari kabla ya athari.