Usihamie Windows 11 Siku ya Soko

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mawakala wengi wanahimizwa wahamie Windows 11 upesi. Sisi tunasema: polepole. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kinga ya TPM 2.0, kompyuta nyingi za mitumba hazifikii hapo. Ukilazimisha, mashine inaweza kukwama au printa ikagoma, na hapo Kagio muuza nyanya amepanga foleni akingoja pesa zake.

Kubaki ulipo pia si salama milele. Ukisajili kompyuta yako binafsi, utapata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Tumia muda huo: nakili rekodi zako kwanza, kisha uite fundi. PIN usimpe, hata kidogo.