Nani Aliyemwalika Chui?

Kila mara chui anapomnyakua mbwa wa mtu hapa kwetu, katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, huzuka kelele ile ile: "Chui ametuvamia! Serikali iko wapi?" Nimezisikia kelele hizo tangu nilipostaafu ualimu mkuu na kurudi kwenye migomba yangu. Wenye kuzipiga ni jirani zangu, nami nawaheshimu, lakini sikubaliani nao hata kidogo. Katika kurasa hizi chache nataka kusema wazi ninaloliamini, hata kama baadhi yao watanuna: chui hakutuvamia. Sisi ndio tuliokwenda kujenga mlangoni pake, tukamwandalia na chakula, kisha tukashangaa alipokula.

Nianze na ardhi. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianzishwa mwaka 1960, na Mlima Meru ukaingizwa ndani yake mwaka 1967. Mwaka huo huo wa 1967 sensa ilituhesabu Watanzania wapatao milioni 12.3. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu milioni 61.7. Mwalimu yeyote wa hesabu anaweza kumalizia somo hili mwenyewe: watu wameongezeka mara tano, ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu miaka ya sabini, kati ya nyumba ya mwisho ya kitongoji chetu na mti wa kwanza wa msitu palikuwa na malisho, na ng'ombe walichungwa humo kutwa nzima. Leo palipokuwa malisho pana nyumba, na nyuma ya banda la kuku la mtu ndipo msitu unapoanzia.

Tena wapo ndugu zetu wenye uwezo, watokao mjini, ambao hununua viwanja huku kwa sababu, kama wanavyosema, kuna hewa safi na ndege wanaimba asubuhi. Karibuni sana, nawaambia. Lakini hewa hiyo safi na ndege hao ni mali ya msitu, na chui naye ni mali ya msitu huo huo. Mtu hawezi kununua nusu ya msitu, akachukua ndege na kumrudisha chui dukani.

Sasa tumtazame huyo mshitakiwa. Chui ni mnyama wa usiku na wa upweke. Hapendi kuonekana na hapendi kelele. Anaweza kuishi karibu na watu miaka mingi pasipo watu kujua, maana hahitaji pori kubwa kama simba. Kichaka, korongo na chakula vinamtosha. Chakula akipendacho zaidi ni mnyama wa kadiri, si mkubwa wala si mdogo: paa, pongo, mtoto wa nguruwe pori. Umbo la mbwa wetu wa kienyeji limo katika kadiri hiyo hiyo. Chui hana daftari lenye orodha ya wanyama wa Serikali na wanyama wa mzee fulani. Akutanapo usiku na mnyama wa kadiri yake, asiyeweza kukimbia, humla. Hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa.

Na kwa nini mbwa huyo hawezi kukimbia? Hapa ndipo jirani zangu hupenda kubadilisha mazungumzo. Mbwa wa kwetu wengi hulala nje, kwenye baridi ya mlima, hawana hata kibanda cha makuti ya migomba. Wengine hufungwa mnyororo usiku kucha kwenye mti wa mparachichi ulio mwisho wa shamba, mbali na nyumba na karibu na korongo. Tunasema huyo ni mlinzi. La hasha! Mbwa aliyefungwa mnyororo gizani kando ya msitu si mlinzi, ni chambo. Mvuvi akitia chambo kwenye ndoana halafu samaki akala, hatujapata kumsikia mvuvi akipiga yowe kwamba samaki amemwibia. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Wanaonipinga wana hoja tatu, nami nitazijibu moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu kufanya katika midahalo.

Hoja ya kwanza husema: chui akamatwe kwa mtego, apakiwe garini, akaachiwe mbali. Hoja hii inapendeza masikioni kwa sababu haimwagi damu. Lakini imekwisha jaribiwa, na majibu yake yanajulikana. Huko India, katika eneo la Junnar, jimbo la Maharashtra, chui wengi walinaswa na kuhamishiwa misitu mingine. Kabla ya mpango huo, kati ya mwaka 1993 na 2001, watu walioshambuliwa na chui katika eneo hilo walikuwa wastani wa wanne kwa mwaka. Baada ya mpango kuanza, kati ya 2001 na 2003, wastani huo ulipanda hadi kumi na saba. Chui aliyehamishwa ni mgeni asiyejua njia, mawindo wala maficho. Amejaa hofu na amejaa njaa. Na kule alikotolewa hapabaki patupu, kwa maana nafasi ya chui huchukuliwa na chui mwingine, aghalabu kijana asiye na uzoefu. Kwa hiyo anayedai chui ahamishwe anadai vijiji viwili vipate taabu badala ya kimoja.

Hoja ya pili haisemwi mkutanoni, hunong'onwa kilabuni. Nayo ni sumu. Miaka michache iliyopita mtu mmoja wa huku alipaka dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye mabaki ya mbwa wake, akayaacha pembeni ya korongo ili chui arudi kuyamalizia. Asubuhi tuliokota kanu mmoja, kunguru wanne, na mbwa wawili wa kaya nyingine. Chui hakuwemo. Watoto wawili waliokuwa wakienda kuteka maji walitangulia kufika kabla yetu, na tuliwakuta wamemshika yule kanu mkia wakimburuta kwa mchezo. Tuliwaosha mikono kwa sabuni mara tatu huku mama yao akilia. Mchuma janga hula na wa kwao. Siku ile tuliponea chupuchupu kula janga ambalo hatukulichuma.

Mambo ya sumu ndivyo yalivyo kila mahali. Mwezi wa Desemba 2015, katika Maasai Mara nchini Kenya, simba wa kundi mashuhuri walilishwa sumu kwa kisasi cha ng'ombe, na baadhi yao wakafa. Mbali zaidi, katika milima ya Santa Monica iliyopakana na jiji la Los Angeles huko Marekani, anaishi paka-mwitu mwenye mkia mfupi aitwaye bobkati. Ni mdogo sana kuliko chui wetu. Anakula sungura na panya, na mara mojamoja paka wa mtu au kijibwa kilichoachwa nje usiku, na wenyewe humlalamikia kama sisi tunavyomlalamikia chui. Watafiti walianza kumfuatilia huko mwaka 1996. Kuanzia mwaka 2002 wanyama hao walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wa upele, na walipopimwa wakakutwa na sumu ya panya mwilini. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Watu waliweka sumu majumbani mwao, panya akaila, bobkati akamla panya. Wakawa wanamdhoofisha yule yule aliyekuwa akiwapunguzia panya bila malipo. Ilibidi jimbo la California lipitishe sheria mwaka 2020 ya kuzuia matumizi mengi ya sumu kali za panya. Wenzetu wenye maabara na fedha wamehitaji miaka kujifunza somo hili. Sisi tunaweza kulichukua bure.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siidharau: "Leo mbwa, kesho mtoto." Mzazi anayesema hivi hasemi upuuzi. Chui ana nguvu za kumuua mtu, na chui aliyejeruhiwa, au anayemfuata mtu mchana kweupe, lazima ashughulikiwe mara moja na askari wa wanyamapori wenye silaha na ujuzi. Katika hilo sina ubishi. Ninalokataa ni kudhani kwamba chui anayekula mbwa anafanya mazoezi ya kula watoto. Katikati ya jiji la Mumbai kuna hifadhi ya Sanjay Gandhi, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 104, imezungukwa na mamilioni ya watu, na makumi ya chui wanaishi humo. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba chui hao hula mbwa wapatao 1,500 kwa mwaka, na kwamba kwa kufanya hivyo huenda wanawaepusha watu wapatao 1,000 na kung'atwa na mbwa wazururaji.

Sisemi tufuge chui ili watule mbwa. Nasema hofu yetu imeelekezwa upande mmoja tu. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa. Lakini katika mikutano yetu sijapata kumwona mtu akisimama na kutetemeka kwa hasira kwa sababu mbwa wa jirani yake hajachanjwa. Yule mbwa anayepita shuleni kila saa nne akiokota maganda hatumwogopi, kwa kuwa tunamjua jina.

Na tusisahau kwamba deni hili lina pande mbili. Mwaka 1994 ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa mbwa uliingia Serengeti na kuua karibu theluthi moja ya simba wa huko. Ulitoka kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Tukihesabu mbwa walioliwa, kwa haki tuhesabu na simba hao.

Lipo kundi moja ambalo maneno yangu makali hayawahusu. Ni watu kama yule mama wa kitongoji chetu ambaye mali yake yote ilikuwa mbuzi wanne, na chui akaingia bandani akaua wawili. Huyo hakununua hewa safi, alizaliwa hapa. Nchi yetu ina kanuni za mwaka 2011 za kumpa kifuta jasho mtu aliyeharibiwa mali na wanyama wakali. Tazama jina lenyewe, msomaji: halikuitwa fidia, limeitwa kifuta jasho, na ofisi aliyopeleka karatasi zake ilimngojesha hadi jasho likakauka lenyewe. Ikiwa taifa zima linajivunia wanyama wake na kupokea wageni kwa ajili yao, si haki gharama ya chui ikabebwa na mama mmoja mwenye mbuzi wanne. Kelele zetu zielekezwe huko, nami nitakuwa wa kwanza kupiga.

Kwa wengine wote dawa ni ndogo mno kiasi cha kutia aibu. Nguzo nne, wavu imara wa chuma pande zote, bati juu, na komeo la kweli. Hilo ndilo banda la mbwa. Juu pafunikwe, kwa maana chui hupanda kama paka wako apandavyo dirishani. Banda lisimame karibu na nyumba, si mwisho wa shamba. Mbwa achanjwe kila mwaka, na asiyehitajika kuzaa ahasiwe, ili watoto wake wasije kuzurura msituni. Utumbo wa kuku na mabaki ya machinjioni vifukiwe, visitupwe korongoni. Vichaka vilivyo kando ya njia ya shule vifyekwe, na watoto wasitumwe peke yao baada ya jua kuzama. Wanaosema hawana fedha za banda, wengi wao nimewaona na simu mpya.

Mwisho, wale wanaotamani chui aishe kabisa nawaomba watazame Unguja. Kule chui alikuwepo. Watu wengi waliamini kwamba baadhi ya chui walifugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni kubwa ya kuwaua. Kufikia miaka ya tisini wataalamu wengi walikwisha kumhesabu kuwa ametoweka. Mwaka 2018 kamera iliyotegwa na watengeneza filamu ilinasa mnyama aliyedhaniwa kuwa chui, na hadi leo watu wangali wakibishana. Mtoto wa Unguja anayetaka kumwona chui wa kisiwa chake sharti aende makumbusho, akatazame ngozi iliyojazwa pamba. Hata hivyo fungo bado wapo, na kuku waliolala nje bado wanaliwa. Chui aliondoka, na uzembe wa kufunga banda ukabaki.

Katika miaka yangu yote ya kushika chaki nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mtu mzima hutambulikana kwa kulijua jukumu lililo lake kabla ya kulitaja la mwenziwe. Serikali ina jukumu lake, na chui, kwa hakika, analitimiza la kwake kila usiku. Limebaki letu. Misumari ipo dukani.