Maarifa Si Kukariri Majibu

Mashindano ya chemsha bongo ni jambo la kawaida katika shule zetu, na ni jambo jema. Mwanafunzi huulizwa jina la mlima, mwaka wa tukio au jina la bingwa wa mbio, naye hujibu na kupigiwa makofi. Lakini hatuna budi kujiuliza: makofi yakiisha, amebaki na nini? Maarifa ya jumla yakiwa orodha ya majibu tu, hayatofautiani na maneno ya kasuku.

Chukua mfano wa Ndugu Filbert Bayi. Wengi wanajua kwamba tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2. Ni wachache wanaoweza kueleza namna alivyoshinda. Ilikuwa desturi ya wakimbiaji wengi kujificha nyuma ya wenzao na kuchomoka katika mzunguko wa mwisho. Bayi aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akawalazimisha wengine wafuate mwendo wake. Hilo ndilo somo; tarakimu ni kumbukumbu yake tu.

Ni vivyo hivyo kwa nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa mwaka 1978 kaskazini mwa Tanzania. Kujua kwamba zina umri wa zaidi ya miaka milioni 3 na nusu ni hatua ya kwanza. Mwanafunzi aongozwe kuuliza zilidumuje. Ndipo atakapojifunza kwamba zilikanyagwa katika majivu ya volkano yaliyolowa mvua, yakawa magumu, kisha yakafunikwa na majivu mengine.

Mwanafunzi anayeuliza anaweza kumzidi hata mwalimu wake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aisikrimu. Aliona kwamba maziwa yaliyotiwa katika jokofu yangali ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakukata tamaa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne aliagiza jaribio lifanywe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao, na leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba. Wanasayansi wangali wanabishana juu yake, lakini wanabishana kwa majaribio na hoja, wala si kwa kicheko.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Wajibu huo hauishii darasani. Afisa anayemjibu mkulima kwamba "ndivyo maagizo yalivyo" anafanya kosa lile lile la mwalimu anayemnyamazisha mtoto. Mkulima anayeuliza kwa nini apande kwa nafasi fulani hapingi maendeleo. Anataka kuyaelewa ili ayafanye yawe yake.

Tunafahamu kwamba madarasa yamejaa na mitihani inawakimbiza walimu. Hata hivyo, kuongeza swali moja la "kwa nini" baada ya kila jibu hakuhitaji fedha wala vifaa. Waandaaji wa chemsha bongo nao watoe alama kwa maelezo, si kwa jibu peke yake. Na mwalimu akiulizwa asilolijua, aseme: "Twende tukajaribu." Hatapungukiwa na heshima yake hata kidogo.

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumcheka anayeuliza.