Kukoma kwa Hedhi si Kukoma kwa Mbio

Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Amsterdam mwaka 1928, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika mbio za mita 800. Baada ya shindano hilo magazeti kadhaa yalitangaza kwamba wakimbiaji walianguka hoi, na kwamba mwili wa mwanamke haukuumbwa kustahimili mbio za namna hiyo. Habari hizo zilitiwa chumvi mno, lakini zilitosha: mbio hizo ziliondolewa kwa wanawake, zisirudishwe hadi Michezo ya Roma ya mwaka 1960. Miaka 32 ilipotea kwa ajili ya dhana ambayo walioishika hawakujishughulisha kuipima.

Dhana ya aina hiyo haijafa. Imehamia kwa mwanamke wa makamo. Mama wa miaka 50 aonekanapo akikimbia barabarani alfajiri, hakosi wa kumwambia kwamba wakati wake umepita, na kwamba mwili uliokwisha kukoma hedhi wataka kupumzishwa. Yafaa dhana hii nayo ipimwe, na mahali pazuri pa kuanzia ni darasa la baiolojia.

Kukoma hedhi si ugonjwa. Msichana huzaliwa akiwa na akiba ya mayai ya uzazi ya maisha yake yote katika ovari zake. Akiba hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na inapokaribia kwisha, ovari huacha kutoa homoni ya estrojeni kwa kiwango cha awali. Wanawake walio wengi hukoma hedhi baina ya umri wa miaka 45 na 55. Tabibu huhesabu kwamba hedhi imekoma pale mwanamke anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuipata, pasipo sababu nyingine kama vile mimba, kunyonyesha au maradhi. Mabadiliko yenyewe huanza miaka kadhaa kabla ya hapo, hedhi ikija kwa kurukaruka, na katika kipindi hicho mwanamke bado aweza kushika mimba.

Estrojeni ina kazi nyingi nje ya uzazi, na hapo ndipo mwanamke mwenye kukimbia anapoguswa. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya daima: seli za aina moja hula mfupa mkongwe, na za aina nyingine huweka mpya mahali pake. Estrojeni huzizuia seli zibomoazo zisipite kiasi. Inapopungua, ubomoaji huzidi ujenzi, na katika miaka michache inayozunguka kukoma kwa hedhi mwanamke aweza kupoteza kiasi cha asilimia 10 ya uzito wa mifupa yake. Hasara hiyo haina maumivu. Aghalabu dalili ya kwanza huwa ni kuvunjika kwa kifundo cha mkono, pingili ya uti wa mgongo au nyonga, tena kwa mwanguko mdogo tu.

Ziko athari nyingine. Kolesteroli mbaya huongezeka katika damu, na kinga ya moyo aliyokuwa nayo mwanamke hupungua. Misuli hupoteza nguvu upesi zaidi, na mwili huchelewa kurejea katika hali yake baada ya mazoezi mazito. Kituo cha ubongo kinachosimamia joto la mwili huwa chepesi kushtuka, hata ongezeko dogo ambalo zamani lisingetambulikana sasa hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 1996, ukawafuatilia wanawake zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye kupatwa mara kwa mara na vipindi hivyo vya joto la ghafla, nusu yao waliendelea navyo kwa zaidi ya miaka 7. Vinapokuja usiku hukata usingizi, na asiyelala vizuri hakimbii vizuri.

Mazoezi yana jibu kwa sehemu kubwa ya mambo haya, ingawa si kwa yote. Bado hakuna ushahidi thabiti kwamba kukimbia huondoa vipindi vya joto. Anayeahidi hivyo anauza maneno. Lakini kwa moyo, misuli, sukari ya damu, usingizi na utulivu wa nafsi, faida ya mazoezi imethibitishwa mara nyingi. Kwa mifupa pia, iwapo mazoezi ni ya namna ifaayo. Katika utafiti mmoja wa Australia ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, wanawake 101 waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa iliyopungukiwa uzito, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito na kufanya mazoezi ya kuruka chini ya usimamizi, dakika 30 mara mbili kwa wiki. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Baada ya miezi 8, uzito wa mifupa ya kiunoni uliongezeka kwa asilimia 2.9 katika kundi la kwanza, na kupungua kwa asilimia 1.2 katika kundi la pili.

Funzo la matokeo hayo ni wazi. Mfupa huitikia mzigo na mshindo. Kwa hiyo mwanamke akimbiaye hana sababu ya kuacha mbio, ila azitilie nguvu kwa kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki, aanze kidogo kidogo, ale vyakula vyenye protini na madini ya chokaa, kama maharage, maziwa na dagaa, na ajipatie siku za kupumzika. Aliyekwisha kuvunjika mfupa au mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza. Aidha, yeyote atokwaye na damu baada ya kutimiza miezi 12 bila hedhi asingoje, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani. Na kwa wale wanaoacha mbio kimya kimya kwa sababu mkojo huwaponyoka, yafaa ijulikane kwamba misuli ya sakafu ya nyonga nayo hufundishika kwa mazoezi. Aibu ya kutosema ndiyo iwafungiayo nyumbani.

Kwamba mwili wa mwanamke waweza kuendelea, mfano upo. Joan Benoit wa Marekani alishinda mbio za marathoni za Boston mwaka 1979 kwa saa 2, dakika 35 na sekunde 15, na mwaka 1984 akawa mwanamke wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya marathoni katika Olimpiki. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 61, alirudi Boston akamaliza kwa saa 3 na dakika 4. Katika miaka 40 alikuwa amepoteza dakika zisizotimia 30. Yeye ni mtu wa pekee, na haifai kumpima kila mama kwa kipimo chake. Lakini mfano mmoja watosha kuiangusha kauli isemayo kwamba haiwezekani.

Huenda mtu akauliza: mama wa kijijini alimaye tangu macheo na kubeba ndoo ya maji kichwani, naye aambiwe akimbie? Swali hilo ni la haki. Mama huyo hakosi mazoezi. Akosacho mara nyingi ni chakula cha kutosha, mapumziko na zahanati iliyo karibu. Mwito wa kukimbia wamfaa zaidi mwalimu, karani na mfanyabiashara wa dukani, ambao siku yao hupita wakiwa wameketi. Sayansi inayotoa agizo moja kwa watu wenye maisha tofauti haijawatazama vizuri.

Hata hivyo, jambo zito kuliko yote lamhusu msichana aliye shuleni sasa. Kiasi cha asilimia 90 ya uzito wa juu kabisa wa mifupa ambao mwanamke ataufikia maishani huwa kimekwisha kuwekwa afikapo umri wa miaka 18. Baada ya hapo huongezeka kidogo, kisha huanza kutumika. Kipindi cha michezo kinachofutwa ili kupisha masomo ya ziada, au msichana wa kidato cha pili anayeachwa akae kivulini wavulana wakicheza mpira, ni hasara ambayo hesabu yake italetwa miaka 40 baadaye. Netiboli, riadha, rede na kuruka kamba si mchezo mtupu. Kila mruko ni amana inayowekwa mfupani.

Hapana budi pia msichana mwenye bidii ya riadha aambiwe kwamba hedhi ikikatika kwa sababu ya mazoezi mengi na chakula kidogo, hiyo si ishara ya ukakamavu. Estrojeni yake imeshuka kama ya mama wa makamo, na mifupa yake yalipa gharama ileile.

Baiolojia ya shuleni hueleza kwa kirefu jinsi hedhi inavyoanza. Ni haki ieleze kwa kirefu uleule jinsi inavyokoma, mbele ya wasichana na wavulana pamoja, maana wote wana mama, na wengi watakuwa wake au waume. Kisha kengele ya kipindi cha michezo ilie, na wasichana watoke uwanjani. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mifupa hupungua, lakini aliyeweka nyingi ana kingi cha kutumia.