Vichupa Vitatu Tu

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake sikuijua barabara mpaka siku nilipoketi kando ya kitanda cha hospitali nikimtazama rafiki yangu, sajini wa polisi, akiwa amefunikwa shuka ambalo upande mmoja lilikuwa limelala bapa, kwa kuwa mguu wake wa kushoto haukuwapo tena. Sikumwuliza neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyefungua kinywa akasema, "Mzee, nilikunywa vichupa vitatu tu."

Wala hakusema uongo. Usiku ule palikuwa na karamu nyumbani kwa jirani ambaye mwanawe alirejea kutoka Ulaya, na miongoni mwa zawadi alizokuja nazo ilikuwamo katoni ya bia nyeusi ya Ubelgiji. Zilikuwa chupa fupi zenye tumbo, kila moja ikiwa na ujazo wa mililita 330. Sajini, mtu aliyezoea chupa zetu za nusu lita, alizitazama akacheka, akasema kwamba hicho ni kinywaji cha watoto. Alikunywa vitatu, akawaaga wenyeji kwa heshima, akapanda pikipiki yake hali ana hakika kwamba hajalewa. Hakufika kambini. Lori lililoegeshwa gizani ndilo lililompokea.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, makala haya hayakusudii kuitukana bia ile wala kumlaumu aliyeileta. Yanakusudia kusema jambo moja tu, nalo ni hili: katika kambi zetu tumezoea kuhesabu chupa, na hesabu hiyo ni ya uongo.

Mwaka uliopita mpwa wangu aliniletea chupa moja ya bia ya jamii ile ile. Jina lake ni Rochefort 10, nayo hupikwa na watawa wa abasia ya Saint-Rémy, karibu na mji wa Rochefort, kusini mwa Ubelgiji. Habari ya kupika bia mahali hapo hurudi nyuma hadi mwaka 1595. Nilipomweleza sajini, ambaye sasa ni mstaafu na hutembea kwa magongo, nilidhani atachukia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Usiifungue peke yako. Nataka nikijue kilichonikata mguu."

Basi tuliketi barazani jioni moja, tumekwisha kula, na mbele yetu chupa moja na bilauri mbili. Hatukuitia kwenye barafu, kwa maana wajuzi wa bia hizi husema yafaa inywewe katika ubaridi wa wastani tu, kiasi cha nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Baridi kali huua harufu na kuficha utamu. Niliimimina polepole, nikaacha kidogo chini, kwa sababu ndani ya chupa mna masimbi ya chachu. Bia hii huendelea kuchachuka hata baada ya kufungwa kizibo, na ndiyo maana povu lake ni zito. Rangi yake ilikuwa ya kahawia iliyokolea kama kahawa ya wazee. Tulipoinusa, tulipata harufu ya tende, ya zabibu kavu, ya sukari iliyoungua na ya mkate uliokaangwa, tena kwa mbali kidogo harufu ya giligilani.

Sajini alionja funda moja, akalizungusha kinywani, akalimeza. Alikaa kimya. Kisha akasema kwamba ni tamu, tena haichomi koo kama waragi. Baada ya dakika chache aliweka kiganja kifuani akasema, "Sasa ndiyo inafika." Huo ndio ujanja wa kinywaji hiki. Nguvu yake imevishwa utamu, kama adui anayepita kizuizini amevaa nguo za raia. Mlinzi humpungia mkono apite, na habari zake huzipata baadaye.

Na nguvu yenyewe ni kiasi gani? Watu wengi huiona nambari 10 wakadhani ndiyo asilimia ya kileo. Sivyo. Nambari hiyo inatokana na kipimo cha kale cha Wabelgiji cha uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Kileo chenyewe ni asilimia 11.3, na kimeandikwa kwenye lebo kwa tarakimu ndogo ambazo mtu aliye karamuni hazisomi. Bia zetu nyingi za kawaida zina kama asilimia 5. Tufanye hesabu ambayo hata kuruta aweza kuifanya. Nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Kichupa kimoja cha Rochefort 10 kina mililita 37. Vichupa vitatu vina mililita 112, yaani sawa na chupa nne na nusu za nusu lita. Sajini asingalithubutu kupanda pikipiki baada ya chupa nne na nusu. Ananiapia hivyo, nami namsadiki. Alipanda kwa sababu alihesabu vitatu.

Tena hesabu haiishii hapo. Mwili wa mtu mzima huondoa kileo kwa kadiri ya gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kichupa kimoja cha bia hii kina gramu 29, basi huchukua saa tatu hata nne kuondoka damuni, na vitatu huchukua saa tisa hata kumi na mbili. Kahawa haiharakishi jambo hilo, wala maji baridi, wala kukimbia mchakamchaka. Askari aliyekunywa vitatu saa nne za usiku huja gwaride la saa kumi na mbili alfajiri amenyoa ndevu na kung'arisha viatu, hali pombe ingali mwilini mwake, na bunduki iko mkononi. Wenzetu wa usalama barabarani wanakifahamu kile kipimo cha pumzi ambacho wananchi wamekibandika jina la kawunyemu. Kipimo hicho hakiulizi mtu amekunywa chupa ngapi.

Huenda msomaji akauliza: watawa, watu wa sala na kazi, wamepataje kutengeneza kinywaji kikali namna hii? Jibu lake lina mafunzo mawili kwetu.

Fundo la kwanza ni la sheria. Mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilipitisha sheria ya kukataza pombe kali zisiuzwe mabaa. Waziri aliyeisimamia alikuwa Emile Vandervelde, msoshalisti yule yule ambaye mwaka 1909 alisafiri hadi Kongo akamtetea mahakamani mmisionari William Sheppard, aliyeshitakiwa kwa kufichua mateso ya wavuna mpira. Nia yake ilikuwa njema, kuwaokoa wafanyakazi na ulevi wa jenever. Lakini mnywaji aliyenyimwa ukali kwenye bilauri ndogo aliutafuta kwenye bilauri ya bia, na wapishi wa bia wakamtimizia haja yake. Sheria ile ilidumu zaidi ya miaka 60 mpaka ilipofutwa miaka ya 1980, na bia kali zikabaki kuwa fahari ya taifa. Nasi tuliona mfano wake hapa kwetu: vipakiti vya waragi vilipopigwa marufuku mwaka 2019, mnywaji hakuacha kunywa, alihamia kwenye chupa. Sisemi kwamba marufuku ni kosa. Nasema kwamba marufuku bila maarifa hubadilisha chombo tu.

Fundo la pili ni la watawa wenyewe. Hao wanaopika bia za asilimia 9, 10 na 11 si desturi yao kuzinywa kila siku mezani. Watawa wa Chimay, kwa mfano, ambao bia yao ya lebo ya buluu ina asilimia 9, kwa miaka mingi walipika pembeni bia nyepesi isiyofika asilimia 5 kwa ajili yao na wageni wao. Wale wa Westvleteren, ambao bia yao ya 12 imesifiwa na wengi kuwa miongoni mwa bia bora kabisa duniani, hawakukubali kuongeza mitambo ili wauze zaidi. Hupika kiasi cha kuiendesha abasia na kusaidia wenye shida, kisha hurudi kwenye sala. Anayejua nguvu ya kitu ndiye anayekiogopa. Mpishi anywa kiasi, sembuse mgeni?

Tena abasia hiyo ya Westvleteren ina habari inayowahusu askari moja kwa moja. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 ilikuwa nyuma tu ya mstari wa mbele wa Ieper, katika pembe ya Ubelgiji ambayo Wajerumani hawakuitwaa. Kwingineko Wajerumani waling'oa masufuria ya shaba ya viwanda vya bia wakayafanya zana za vita. Ya Westvleteren yalisalimika. Wanajeshi na wakimbizi walipata hifadhi pale. Na mwendo mfupi kutoka hapo, katika mji wa Poperinge, kasisi wa jeshi la Uingereza Philip Clayton alishiriki kufungua Desemba 1915 nyumba iliyoitwa Talbot House, ambamo askari wa kila cheo aliruhusiwa kuingia, na ambamo pombe haikuuzwa. Mji ulikuwa umejaa vilabu vya pombe, hata hivyo askari waliijaza nyumba ile. Walikuja kunywa chai, kuandika barua na kuketi bustanini kabla ya kurejea kwenye mahandaki. Hilo latuonyesha kwamba si kila askari mchovu anatafuta pombe. Aghalabu anatafuta mahali pa kuketi kama binadamu. Kambi isiyokuwa na mahali pengine pa kupumzikia ila kantini isishangae ikiwa askari wake wote wako kantini.

Wala sisi Waafrika hatuna haja ya kujifunza kiasi kutoka Ulaya peke yake. Tazameni chungu cha malwa. Wazee huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake, na maji ya moto huongezwa mara kwa mara. Kadiri jioni inavyosonga ndivyo kinywaji kinavyopungua ukali, na mazungumzo ndiyo yanayobaki. Hakuna anayekunywa peke yake. Anayepitiwa huonekana na wenzake mara moja, na hakosi wa kumshika mkono. Chupa haina huruma hiyo. Kila ukiifungua mpya, ukali huanza upya, na hakuna mzee wa kukutupia jicho. Kwa hiyo tulipotoka kwenye chungu tukaingia kwenye chupa, tulichukua kinywaji tukaziacha kanuni zake.

Basi rai yangu ni hii. Kwanza, katika kila kantini na mesi uwekwe ukutani ubao ulioandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaoonyesha kila kinywaji kinachouzwa, ujazo wake, asilimia ya kileo, na saa ambazo mwili unahitaji ili kukiondoa. Askari anayefundishwa kusoma ramani na kupima masafa ya risasi hashindwi kusoma lebo. Pili, wakufunzi katika vyuo vya jeshi na polisi waifundishe hesabu hii kama wanavyofundisha usalama wa silaha, kwa sababu ni sehemu ya usalama wa silaha. Kanuni za mwenendo za NRA katika vita vya msituni, kati ya 1981 na 1986, zilikataza pombe mpaka vita viishe, na hoja yake ilikuwa wazi: mlevi ataitumia vibaya bunduki aliyopewa ili kuwalinda wananchi. Hoja hiyo haijazeeka. Tatu, kinywaji kikali kinyweke kama kilivyokusudiwa: chupa moja kwa watu wawili, mmeketi, mmekwisha kula, silaha iko ghalani, ufunguo wa pikipiki uko kwa mwenzenu asiyekunywa, na kesho si zamu yenu.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwanamume hupimwa kwa wingi wa anachoweza kunywa. Nawasihi waende wakamwone sajini. Yeye aliweza, vichupa vitatu havikumwangusha chini hata kidogo. Alitembea wima hadi kwenye pikipiki, na wenyeji walishuhudia kwamba alitembea vizuri. Kuweza kwake ndiko kulikomponza.

Jioni ile barazani, bilauri yake ilipofika nusu, aliisukuma kando. Nilimwuliza kama haikumpendeza. Alinijibu kwamba ilimpendeza sana, na kwamba hajapata kuonja bia nzuri kuliko ile. Kisha akaichukua chupa tupu, akaikaribisha machoni, akaitafuta ile tarakimu ndogo kwenye lebo mpaka akaiona. Aliisoma kwa sauti, asilimia kumi na moja nukta tatu, akairudia mara ya pili.

"Kumbe iliandikwa," akasema.

Ndiyo, ndugu zangu, iliandikwa. Tusome kabla ya kufungua.