MTOTO MWENYE UALBINO APIMWE MACHO KWANZA

Katika Injili ya Yohane wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walimwuliza Bwana nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Bwana hakukubali kumtwika lawama yeyote kati yao. Swali lile lingali linaulizwa anapozaliwa mtoto mwenye ualbino. Mwezi huu tunalijibu kwa upande wa macho, kwa maana wengi wetu huikumbuka ngozi ya mtoto huyo na kuyasahau macho yake.

Ualbino si laana, wala si kosa la mama. Ni hali ya kurithi. Kwa kawaida baba na mama, wenye rangi kama watu wengine, kila mmoja hubeba kinasaba kimoja chenye kasoro. Hapo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Hukadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana hali hiyo.

Rangi ikipungua mwilini, jicho nalo huathirika. Nyuma ya jicho upo utando uitwao retina, wenye chembe hai ziitwazo koni zipatazo milioni 6. Hizo ndizo zinazotuwezesha kusoma herufi na kutambua rangi na sura za watu. Husongamana zaidi katikati ya retina, na kwa mwenye ualbino sehemu hiyo haikui ipasavyo. Ndiyo sababu haoni vizuri mbali. Tena macho yake huchezacheza na kuumizwa na mwanga.

Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha jinsi ya kupiga picha koni moja moja ndani ya jicho la mtu aliye hai, kwa kioo kinachojibadili umbo, ufundi ulioazimwa kwa watazamaji wa nyota. Baadaye watu wenye ualbino walipopimwa hivyo, ilionekana kuwa hawalingani: wengine wana koni chache katikati, wengine wanawakaribia watu wasio na ualbino.

Basi si haki kuwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Wapo watoto waliopelekwa shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, ilhali wangeweza kusoma maandishi ya kawaida.

Mashine ile haipo Mafia, nasi hatuidai leo. Tunachodai ni kidogo: kila mtoto mwenye ualbino apimwe macho kabla ya kuanza darasa la kwanza. Ikibidi avuke kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, aende Dar es Salaam, CCBRT au Muhimbili, jumuiya ndogo ndogo zichangie nauli, bila kuuliza dini ya wazazi.

Akihitaji miwani, aivae. Akae mbele karibu na ubao, dirisha likiwa nyuma yake. Avae kofia pana, kwani mchanga mweupe wa pwani yetu hurudisha jua machoni. Mwalimu naye asimkemee anapoleta kitabu puani. Hilo halimharibu macho, ndivyo anavyosoma.

Wazazi, msingoje mwalimu awaite. Mpelekeni mtoto kabla shule hazijafunguliwa.