Tusing'oe Sale: Neno juu ya Miti ya Nyumbani

Tumekaa kimya muda mrefu juu ya jambo hili, maana walio na kosa ni sisi walimu kwanza, na hakuna apendaye kujishitaki mwenyewe. Lakini twaona kimya chetu kimekuwa kosa la pili. Basi twasema.

Mtu apitaye leo katika vihamba vya Kilimanjaro, tangu Rombo hata Machame, ataona nyumba mpya nzuri, zenye bati la rangi na madirisha ya vioo. Na uani mwake ataona nini? Misaipresi iliyotoka Mexico, mijakaranda ya Amerika ya Kusini, mikaratusi ya Australia. Mringaringa uliopandwa na babu umekatwa, kwa kuwa majani yake yachafua ua uliofagiwa. Mfuruanje umekatwa, kwa kuwa ni mti wa porini. Masale yameng'olewa, kwa kuwa yasemekana ni ya kipagani. Mwenye nyumba husimama mlangoni, akajiona amestaarabika. Wazee walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, tena tumeutia moto.

Twaungama habari yetu wenyewe. Miaka kadha iliyopita, katika shule moja ya mlimani tuliyofundisha, tulitaka kiwanja kipendeze kwa siku ya wageni. Ua wa masale uliokizunguka tukauona wa kizamani. Tukawaamuru watoto waung'oe, na mahali pake tukapanda kichaka cha kigeni cha kukatwa kwa mkasi. Upande mmoja, mstari ule wa masale uliendelea kuwa mpaka wa majirani wawili, nao wote wawili wazee wa kanisa. Na watoto, kwa bidii yao, waling'oa hata huko. Masale yalipoondoka, huyu alisema mpaka ulipita huku, yule akasema ulipita kule. Ramani haikuwapo. Shahidi wa pekee alikuwa sale, naye tulikuwa tumemtupa shimoni. Wakafikishana baraza la kijiji, wakaacha kusalimiana hata mlangoni mwa kanisa, wakakaa hivyo misimu miwili ya kahawa.

Mwisho mmoja wao alikata jani la sale katika kihamba cha dada yake, akaenda nalo jioni kwa mwenzake, asiseme neno. Mwenzake akalipokea. Kila Mchaga ajua maana yake: mtu akuleteaye sale akuomba msamaha, na kumkatalia ni jambo zito. Asubuhi yake walipanda pamoja masale mapya mpakani. Sisi tulisimama tukitazama, wala hakuna aliyetulaumu. Na hilo ndilo lililotuuma.

Sasa na tujibu maneno ya wale wanaoshindana nasi.

Neno la kwanza: Miti hii ni ya kipagani. Twajibu: kweli, wazee wetu walipanda sale penye makaburi, wakaomba chini ya miti mikubwa. Lakini moto nao uliteketeza sadaka zao; je, tuache kupika? Mti hauna dhambi. Dhambi ni ya mtu. Hata msesewe, ambao maganda yake machungu hutiwa katika mbege, haukumlewesha mtu kwa hiari yake.

Tena wasemao hivi hawakuisoma Biblia kwa macho yaliyo wazi. Zakayo alipokwea mti apate kumwona Bwana Yesu, alikwea mkuyu. Na mkuyu ule ni wa aina ileile iotayo kandokando ya mito yetu katika tambarare chini ya Moshi. Nabii Amosi alikuwa mtunzaji wa mikuyu. Na asili ya mti huo ni huku kwetu Afrika. Nyigu mdogo achavushaye maua yake, aliyefichwa ndani ya tunda, yuko huku. Kule nchi ya Wayahudi hayuko, na kwa sababu hiyo watu wa huko tangu zamani wameupanda kwa vipande vya matawi. Na mzeituni mwitu wa misitu yetu ni ndugu wa karibu wa mzeituni ambao njiwa wa Nuhu alichukua jani lake. Basi, ni mti upi uliosifiwa katika Maandiko: mkuyu na mzeituni, au mkaratusi?

Neno la pili: Miti ya kigeni hukua upesi. Hili ni neno la kweli, wala hatutalikana. Mwenye kuhitaji nguzo na kuni na apande mikaratusi katika shamba la peke yake, mbali na maji. Tena na mgrevilea hatuna ugomvi mkubwa. Watu wengi wamepata mbao kwake. Ugomvi wetu ni na mtu apandaye mikaratusi penye chemchemi, kisha huuliza kwa nini mfereji umekauka. Mti huu hukua haraka kwa sababu hunywa sana, na mizizi yake huenda mbali kutafuta maji. Aupandaye juu ya mfereji anamnyang'anya maji mjane akaaye chini yake, ajapokuwa hakumwona wala hakumchukia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli ziwezazo kuharibu ndani ya mita 60 kutoka mito na vyanzo vya maji. Lakini je, Mkristo angoje sheria ndipo amhurumie jirani?

Na upesi wenyewe una hesabu yake. Mfuruanje hutandaza tawi juu, ukaiacha migomba na mibuni chini yake katika kivuli chepesi. Majani yake madogo huanguka, huoza upesi, huwa mbolea. Mringaringa hutoa maua meupe ambayo nyuki huyafuata, na ubao wake mzuri hufaa kwa meza, mizinga na ngoma. Majani ya mkaratusi huanguka yakakaa makavu. Hayaozi upesi, na chini yake hapaoti mengi. Basi mmoja hukua upesi, mwingine huikuza nchi. Wazee waliochanganya miti, kahawa, migomba na mboga katika kiwanja kimoja hawakuwa wajinga. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutia utaratibu wa vihamba, kule Shimbwe Juu, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Wageni wamekisifu kihamba, na mwenye kihamba yuko nyuma ya nyumba na shoka mkononi.

Neno la tatu: Nikipanda mti wa asili, siku ya kuukata nitadaiwa kibali. Neno hili hatulidharau, maana ni hofu ya mtu aliyetoa jasho lake. Wako waliotaka kukata mti walioupanda kwa mikono yao, wakaulizwa maswali kama wezi wa msitu. Twawaambia wakubwa kwa heshima: mkimwogopesha apandaye, mnamfundisha kupanda miti ya kigeni. Na wapandaji twawaambia: siku ya kupanda, mwiteni mwenyekiti wa kitongoji, aandike katika daftari idadi ya miti na mahali pake. Mti ulioandikwa una baba yake.

Basi tupande nini, na wapi? Tuseme kwa ufupi, maana mwenye macho ataongeza mwenyewe.

Mpakani na penye njia, panda sale. Kata kipande cha shina, kichomeke katika udongo wenye unyevu, nacho kitashika. Watu wa tambarare, penye ukame, watumie minyaa, ila wawaonye watoto, maana utomvu wake huumiza macho.

Kati ya migomba na kahawa, panda mringaringa na mfuruanje, kwa nafasi, isiwe msitu mzito. Okota matunda ya mringaringa yaliyoiva, yasugue katika maji hata utelezi utoke, kisha panda mbegu katika viriba, usichoke kungoja. Mbegu ya mfuruanje uipande ingali mpya, kwa kuwa wadudu huitoboa.

Penye mfereji na chemchemi, panda msesewe na mkuyu. Lakini mkuyu usiuweke karibu na ukuta wa nyumba, mizizi yake ni mikubwa. Mbele ya nyumba, mtu atakaye maua na apande mriri. Maua yake mekundu huwaleta chozi asubuhi, wala hakuna ua la dukani lipendwalo nao hivyo.

Na yeyote aliye na nafasi kubwa, apande mmoja kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 2016 wataalamu walitoa habari ya mti katika bonde moja la mlima wetu, wa ukoo mmoja na mkangazi, wenye urefu wa mita 81.5, uliopita miti yote ya asili iliyopata kupimwa katika Afrika. Mti huo ulikaa huko miaka mingi kabla ya kupimwa, na sisi tulikuwa chini yake tukisifu misaipresi.

Neno la mwisho ni kwenu, walimu wenzetu. Mtoto hujifunza kwa kiwanja cha shule kuliko kwa ubao. Akiona tumeng'oa cha kwao na kupanda cha wengine, amekwisha kufahamu somo, hata tusipofungua kinywa: kwamba kila kitu cha nyumbani kwao ni cha kuonewa haya. Somo hilo tumelifundisha sana. Masika yajayo tulifute. Kila shule na itafute mbegu za mringaringa, na kila mtoto aende kwa babu yake kuuliza jina la kila mti wa kihamba kabla babu hajalala na majina hayo.

Sisi katika shule ile tumekwisha kuanza. Kichaka cha mkasi tumekiondoa, na sale za kupanda tuliziomba kwa wale wazee wawili. Walitupa bure.